Karatasi ya babu yenye sahihi ya Mjerumani: ina thamani gani, na kwa nani?

Swali lililozaa makala haya limetoka Goweko, stesheni ya Reli ya Kati iliyoko mashariki mwa Tabora, wilayani Uyui. Msikilizaji wetu amekuta kwenye kasha la marehemu babu yake karatasi kuukuu yenye maandishi ya Kijerumani, mhuri wa ndege na sahihi mbili za wino. Mtu mmoja mjini amemwambia kwamba huko Ulaya wapo watu wanaokusanya karatasi za namna hiyo na wanazinunua kwa fedha nzuri. Anatuuliza: ni kweli? Na kama ni kweli, auze?

Kwa swali la kwanza, jibu ni ndiyo. Ziko nyumba za mnada Ujerumani, Uingereza na Marekani zinazouza karatasi za vita mwaka hadi mwaka, na zile za Afrika Mashariki ya Wajerumani zina wateja wake. Swali la pili ndilo limetuchukua muda. Kulijibu kunataka kwanza tujue karatasi yenyewe ni ya aina gani, sheria yetu inasemaje juu yake, halafu tujue kitu ambacho mnunuzi kwa kawaida hakitafuti, yaani jina la mtu aliyepewa karatasi hiyo.

Swali hili halikuja wakati mbaya. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wenyeji wakati wa Vita vya Maji Maji. Toka hapo, kila panapozungumzwa habari za ukoloni kati ya Dar es Salaam na Berlin, hutajwa mafuvu na mifupa ya mababu, hutajwa vitu vya asili vilivyoko kwenye makumbusho ya Ujerumani, na hutajwa pia yule mjusi mkubwa wa Tendaguru. Hayo yote yako kule, sisi tunayadai. Karatasi za vita zilizobaki kwenye makasha ya vijijini ziko huku. Hakuna wa kuzidai, na labda ndiyo maana hazizungumzwi.

Tabora ilipokuwa makao makuu

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee aliondoka Dar es Salaam, akaenda Morogoro, na baadaye serikali yake ikahamia Tabora. Njia ya kufika huku ilikuwa tayari. Reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, ikipita katika nchi ile ile ambayo kabla yake wapagazi walipita kwa miguu kutoka Bagamoyo, wakivuka Mgunda Mkali, wakafika Tura, Rubuga na Kigwa, kisha Tabora. Goweko imekaa katika ukanda huo huo. Pale mpagazi alipotua mzigo, garimoshi likaweka stesheni.

Manowari za Uingereza ziliziba bahari, na fedha za kutoka Ujerumani hazikuweza kufika. Lakini askari alitaka mshahara, mkulima alitaka kulipwa mtama wake. Kuanzia Machi 1915 Benki ya Afrika Mashariki ya Wajerumani ikaanza kuchapisha noti za muda hapa hapa nchini, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingine ikiwa nzito kama ya kufungia bidhaa. Noti hizo hazikuwa na dhahabu wala fedha nyuma yake. Kilichozifanya ziaminike ni sahihi. Wakubwa wawili walitia mikono yao kwa wino, na noti nyingine zimeandikwa kwa pamoja majina ya Daressalam na Tabora. Noti zilipozidi kuwa nyingi, sahihi za kuchapwa na za muhuri zikachukua nafasi ya kalamu.

Mwaka 1916, katika karakana ya reli Tabora, zilifuliwa pia sarafu za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, kila moja rupia 15, upande mmoja ukiwa na picha ya tembo. Sarafu hizo ndizo zinazosababisha watu mpaka leo kuchimba usiku kuzunguka maboma ya zamani wakitafuta “mali ya Mjerumani”, na ndizo zinazowapa matapeli wa rupia riziki yao. Wakati huo huo, karatasi zilizokaa darini juu ya vichwa vya wachimbaji hao huwashiwa moto jikoni. Hatusemi hivyo kwa kumcheka mtu. Dhahabu kila mtu anaijua, karatasi ya lugha ngeni haimwambii mtu kitu.

Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo liliingia Tabora baada ya mapigano ya Lulanguru na Itaga. Wajerumani waliokuwa chini ya Jenerali Kurt Wahle walirudi nyuma kuelekea Iringa. Huko porini, mwaka 1917, zilitengenezwa noti za mwisho kwa herufi za mpira, za kugonga moja moja, na mhuri wa tai. Wakusanyaji huziita noti za porini.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilomwambia msikilizaji wetu ni hili: atazame kama kuna neno “Rupie” au “Rupien” na tarakimu. Likiwepo, karatasi yake si hati ya kijeshi hasa, ni fedha ya vita. Noti za rupia moja zilitengenezwa kwa wingi na si adimu, ila zile za thamani kubwa, kama rupia 200, ni nadra kuzipata. Katalogi za wakusanyaji huzitenganisha kwa tarehe, kwa herufi ya toleo, na kwa majina ya wale wawili waliotia sahihi. Jozi moja ya sahihi yaweza kuwa ya kawaida, na jozi nyingine kwenye noti ile ile ikawa adimu.

Karatasi ambayo askari alipewa badala ya mshahara

Kuna aina nyingine ya karatasi, ndogo zaidi na isiyo na mapambo, ambayo kwetu sisi ni nzito kuliko noti zote.

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, nchini Zambia. Alikuwa na Wajerumani wapatao 150, askari Waafrika zaidi ya 1,100, na maelfu ya wapagazi, wanawake na watoto. Askari hao walikuwa wanadai mishahara ya muda mrefu. Waingereza hawakukubali kulipa deni la adui. Kilichobaki kikawa ni kuandika orodha za majina na kumpa kila mtu kipande cha karatasi kilichotiwa sahihi, kwamba anadai.

Kutoka Abercorn wakashushwa hadi Kasanga, wakavushwa Ziwa Tanganyika kwa meli hadi Kigoma, wakapandishwa garimoshi. Tabora ndipo walipotengana. Askari na wapagazi wakabaki kambini Tabora, Wajerumani wakaendelea na reli kwenda Dar es Salaam, wakipita Goweko, kisha kwao. Aliyetia sahihi akaondoka, aliyeandikiwa akabaki na karatasi yake.

Alibaki nayo muda gani? Lettow-Vorbeck alifariki Machi 1964. Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Kwa mujibu wa kisa kilichosimuliwa mara nyingi, na ambacho mwandishi Charles Miller alikieneza kwa wasomaji wa Kiingereza, ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee kama 350. Wachache tu walikuwa na karatasi zao za mwaka 1918. Wengine walishika vipande vya sare kuukuu, wengine mikono mitupu. Mhasibu aliyetumwa na fedha akaona amekwama, ndipo akapata hila: kila mzee alipewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride kama ameshika bunduki. Inasemwa hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kucheka, na Wajerumani wa rika fulani hukisimulia kwa fahari, kuonyesha jinsi askari walivyokuwa waaminifu. Sisi kinatukaa vibaya kidogo. Mzee wa zaidi ya miaka sitini, anayedai mshahara uliocheleweshwa miaka 46, anasimamishwa na ufagio kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Mwenzake mwenye karatasi hakuhitaji gwaride. Tofauti kati yao haikuwa utumishi wala ushujaa. Ilikuwa ni nyumba isiyovuja, mchwa wasiofika, na mke aliyekumbuka kuweka karatasi mahali pakavu.

Wala tusisahau kwamba jeshi hilo la askari lilikuwa pia jeshi lililozima Maji Maji kwa kuchoma vyakula na vijiji. Mtu anayeshika karatasi ya babu askari ameshika kumbukumbu ya mtu aliyeonewa na ya mtu aliyeonea wengine, pengine katika jina lile lile. Si sababu ya kuichoma. Ni sababu ya kuiandika vizuri.

Wamarekani walipitia hayo hayo

Mahali ambapo biashara ya hati za vita zenye sahihi imekomaa kabisa ni Marekani, na hasa hati za vita yao ya mapinduzi ya mwaka 1775 hadi 1783. Mwaka 1783, jeshi lilipokuwa linavunjwa, George Washington alitia sahihi vyeti vya kuwaachisha askari jeshi. Vilikuwa fomu za kuchapwa, nafasi ya jina imeachwa wazi, na askari wengi hawakujua kusoma. Leo cheti kimoja cha aina hiyo kikipigwa mnada hununuliwa kwa fedha nyingi sana, na kinachonunuliwa ni mkono wa Washington. Askari aliyetajwa juu yake hutajwa kwa mstari mmoja.

Lakini kuna upande wa pili. Novemba 1800 ofisi ya wizara ya vita ya Marekani iliungua na kumbukumbu nyingi za jeshi lile zikateketea. Serikali ilipokuja kutunga sheria za pensheni, mwaka 1818 na tena mwaka 1832, wazee waliokuwa na vyeti walivipeleka kama ushahidi, na vingi vimebaki kwenye majalada ya serikali mpaka leo. Wasiokuwa na cheti walikwenda mbele ya hakimu wakasimulia: nilijiunga lini, nani alikuwa kamanda wangu, tulilala wapi, nani aliyeniona. Karani akaandika. Majalada hayo ya wasiokuwa na karatasi ndiyo yanayosomwa zaidi na wanahistoria sasa, kwa sababu ndani yake askari wa kawaida anasema mwenyewe.

Mwanza mwaka 1964 kulikuwa na wazee 350 waliobeba kumbukumbu ya vita nzima vichwani. Walipewa ufagio, wakalipwa, wakaenda zao. Hatujasikia kwamba karani yeyote alikaa nao kuwauliza walilala wapi. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kuwahoji wazee wa Maji Maji, na kazi yao inatumika hadi leo. Kwa hiyo haikuwa jambo lisilowezekana.

Mnunuzi anatazama nini

Turudi sokoni, maana msikilizaji wetu ana haki ya kujua anachoshika kabla mtu hajamtajia bei.

Mkusanyaji hulipa kwa sababu ya aliyetia sahihi. Jina la Lettow-Vorbeck au la Schnee hupandisha bei, jina la karani wa benki hupandisha kidogo au halipandishi kabisa. Kisha hutazama hali ya karatasi: imechanika, imekunjwa, imeliwa na mende, imeandikwa juu na mtoto wa shule. Tena hutaka kujua imepitia mikono ya nani, kwa kuwa karatasi isiyo na historia hutiliwa shaka. Hapo ndipo mchuuzi wa kati anapopata faida. Anainunua kijijini kwa bei ya debe la mahindi, na njiani anaitungia historia nzuri kuliko ile ya kweli ambayo hakumwuliza mwenye nayo.

Bandia nazo zipo, na noti za porini ni rahisi kuigiza kwa vile zenyewe zilitengenezwa kwa vifaa duni. Njia moja ya kwanza ya kuzikagua haihitaji mtaalamu: ile taa ya zambarau wanayotumia wenye maduka kukagulia noti. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa dawa ya kung’arisha, na chini ya taa hiyo hung’aa samawati. Karatasi halisi ya mwaka 1916 hubaki imepoa. Ikipoa haithibitishi kwamba ni halisi, ila iking’aa una sababu nzuri ya kuacha kuota.

Na tafadhali, asiipeleke stesheneri kupigwa plastiki. Tumeona vyeti vya ndoa na hati za viwanja vikifanyiwa hivyo kwa nia njema. Joto na gundi haviondoki tena. Gundi ya kubandika nayo huacha doa la kahawia. Bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu, mbali na ukuta wa udongo, inatosha.

Sheria inasema nini

Hapa kuna pengo, na tunaliona ni pengo la kweli.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mali ya kale na kukataza kuitoa nchini bila kibali. Lakini kwa vitu vya kuhamishika imeweka mpaka wa mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa moja kwa moja. Vya baadaye vinaingia kwa milango maalumu, mathalani vyombo vya utamaduni wa jamii, au milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, au kitu ambacho waziri amekitangaza. Vocha ya askari ya mwaka 1918 si chombo cha utamaduni, wala si mlango wa Zanzibar. Inasubiri waziri aikumbuke.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 nayo kazi yake kubwa ni nyaraka za umma, yaani zile zinazozalishwa na ofisi za serikali. Karatasi aliyokabidhiwa mtu binafsi na akaondoka nayo nyumbani ni mali ya nyumba hiyo. Kwa hiyo, kwa tunavyosoma sisi sheria hizi, msikilizaji wetu wa Goweko si mhalifu kwa kuwa nayo. Akitaka kuisafirisha nje, hata hivyo, tunamshauri aulize kwanza kwa maandishi Idara ya Mambo ya Kale, asitegemee neno la mnunuzi.

Upande wa serikali, nchi hii imefanya vizuri kuliko watu wanavyodhani. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyoko kwenye Nyaraka za Taifa yaliwahi kuhamishiwa bara na kufichwa wakati wa vita, yakaja kupatikana, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wahifadhi kutoka Marburg, Ujerumani, walisaidia kuyapanga. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Ujerumani kwenyewe, majalada ya wizara ya makoloni yaliyoko Berlin yanasomeka mtandaoni. Lakini sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Prussia iliteketea Potsdam Aprili 1945 kwa mabomu. Ndiyo kusema, yapo majina ambayo kama hayako kwenye kasha la mtu fulani huku, hayako popote.

Majina yanayotafutwa

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, yenye makao yake Uingereza, ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita ile hawakuandikwa majina yao kwenye kumbukumbu zake, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni Waafrika wa mashariki, na wengi wao ni wapagazi. Sababu zilikuwa mbili: maofisa wa wakati ule waliona hakuna haja ya kumwandika mpagazi Mwafrika jiwe lake, na orodha zenyewe zilikuwa pungufu au zimepotea.

Mtu wa Tabora hahitaji kuambiwa mpagazi ni nani. Wanyamwezi walibeba pembe, shanga na nguo kwenye njia ya misafara kwa vizazi kadhaa kabla Mzungu hajafika na mizigo yake. Vita ilipokuja, Wajerumani waliwachukua, Wabelgiji wakawachukua, Waingereza waliopokea Tabora mwaka 1917 wakawachukua. Mpagazi hakupewa karatasi yenye sahihi ya jenerali. Alichopata, kama alipata, ni kipande, kibati cha namba, au mstari katika daftari la malipo lililofungwa kabla yeye hajarudi. Sokoni, vitu hivyo ni vya bei ya chini sana. Kwa tume inayotafuta majina ya kuandika kwenye jiwe, mstari mmoja wenye jina, kijiji na mwaka ni zaidi ya sahihi yoyote.

Hapo ndipo soko na sisi tunapoachana. Soko linamlipia aliyetia mkono, na sisi tunamtafuta aliyeandikwa. Karatasi moja yaweza kutosheleza pande zote mbili, mradi jina na habari zake zimenakiliwa kabla haijaondoka.

Mtoto wa Tabora aliyekusanya

Tunao mfano wa karibu wa jinsi ya kukusanya, na unatoka Tabora. Brigedia Jenerali Hashim Mbita, aliyezaliwa Tabora mwaka 1933, alikuwa Katibu Mtendaji wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1972 hadi kazi ya kamati hiyo ilipokwisha mwaka 1994. Hiyo ilikuwa vita ya mapinduzi kwa maana kamili: FRELIMO iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kuanza kupigana Septemba 1964, vyama vya Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, kambi za Kongwa na Nachingwea. Karatasi zake zilitawanyika katika nchi nyingi, nyingine kwenye ofisi, nyingine kwenye masanduku ya wapiganaji wastaafu.

Nchi za SADC ziliamua zikusanywe, na mradi ukapewa jina la Mbita. Watafiti hawakukusanya hati tupu. Waliwahoji waliopigana na waliowahifadhi wapiganaji, wakaweka karatasi pamoja na sauti. Matokeo yalitoka mwaka 2014 katika juzuu tisa, na Mbita aliyaona kabla ya kufariki Aprili 2015. Malalamiko yetu ni madogo: juzuu tisa si kitu cha kukikuta kwenye maktaba ya kata, na mzee wa kijijini aliyemficha mpiganaji hawezi kujua kama ametajwa. Hata hivyo mradi huo ulifanya jambo ambalo halikufanyika Mwanza mwaka 1964. Ulimwuliza mtu mwenyewe.

Vita ya Mjerumani haina tena wa kuulizwa. Wana wao nao wengi wamekwisha. Wengi wa waliobaki ni wajukuu kama huyu wa Goweko, na wanachojua ni vipande: babu alirudi akichechemea, babu alikuwa akihesabu kwa Kijerumani akilewa, babu hakupenda kuulizwa habari za Itaga. Kwa mtu anayetafuta sahihi, hayo ni porojo. Kwetu ni ule ushahidi ambao karani hakuuandika.

Tulichomjibu

Tumemwambia asiuze wiki hii. Hatukumwambia asiuze kamwe, kwa sababu karatasi ni yake, na sisi si sisi tunaolipia karo ya watoto wake. Tumemshauri aipige picha kwa simu pande zote mbili, mchana, bila mwanga wa kamera. Aandike kwenye daftari la kawaida jina kamili la babu, jina la babake babu, kijiji, mtemi wao alikuwa nani, na kila anachokumbuka kuhusu jinsi karatasi ilivyofika kwenye kasha. Picha na daftari hilo apeleke nakala Nyaraka za Taifa, na nyingine abaki nayo. Akishafanya hivyo, akitaka kuuza, kuitoa au kuirudisha kwenye kasha, atakuwa anaamua akiwa anajua.

Juzi alitutumia picha. Upande wa mbele ni noti, rupia moja, imechapwa Tabora, sahihi zake ni za kuchapwa. Si adimu. Upande wa nyuma, pembeni, kuna maneno mawili yameandikwa kwa penseli ya zamani, na la kwanza linasomeka kuwa jina la mtu. Si jina la babu yake. Amesema yuko shangazi yake mmoja mzee anayeishi upande wa Igalula, na kwamba atapanda gari aende kumwuliza.